Kuondoa Madoa Sugu ya Maji kwenye Vioo vya Boti na Magari: Mwongozo kwa Watu wa Pwani ya Mtwara na Lindi

Boti inayorudi Mikindani jioni huelekea upande wa machweo, na gari linalotoka Mtwara kwenda Masasi baada ya alasiri hulikabili jua hilo hilo. Saa hiyo ndipo madoa ya maji yanapoonyesha ubaya wake, kwa sababu kila doa hunasa mwanga na kuutawanya, na nahodha au dereva hubaki akitazama ukungu wa dhahabu mahali ambapo huenda pana ngalawa isiyo na taa, au mtoto anayevuka barabara na dumu la maji kichwani. Kwa hiyo mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya urembo wa vyombo. Umeandikwa kwa ajili ya macho ya wanaoviendesha, na kwa ajili ya wale walio mbele yao.

Jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya yote ni kwamba doa la maji haliondoki kwa nguvu za mkono. Huondoka kwa kulijua limetokana na nini, kisha kulipa kitu kinacholiyeyusha na muda wa kuyeyuka. Nimeona vioo vingi vilivyoharibiwa na usafishaji kuliko vilivyoharibiwa na madoa yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwachia kijana mmoja gari alioshe, naye kwa nia njema kabisa akasugua kioo cha mbele kwa kisugulio cha chuma na unga wa kusafishia sufuria. Mchana kioo kiling'aa, lakini usiku wa kwanza, taa za lori lililokuwa likinijia zilichora juu ya kioo hicho miduara mamia kwa mamia, na nililazimika kusimama pembeni mpaka lori lipite. Mikwaruzo ile haikutoka tena, na kioo kilibadilishwa.

Kwanza, lijue doa ulilonalo

Huku kwetu madoa ya vioo ni ya aina tatu, na kila moja lina tiba yake.

Aina ya kwanza ni chumvi ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakikauka chumvi yote hubaki mahali pake. Wakati wa kusi, ambayo huvuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba, rasharasha za mawimbi hupigwa kwenye madirisha ya boti safari nzima, na hata magari yanayolala karibu na ufuo huamka yakiwa na utando mweupe unaonata kidogo. Chumvi ni mwepesi wa kuondoka, kwa kuwa huyeyuka kwenye maji matamu bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba maji ya bahari yana pia kalsiamu na magnesiamu, na chombo kikiachwa wiki nyingi bila kuoshwa, chini ya chumvi hujengeka utando mwingine ambao maji matupu hayauwezi.

Aina ya pili ni chokaa, na hii ndiyo inayowasumbua wengi. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyeyusha chembe za mawe hayo na kuzibeba hadi kwenye kisima, na sisi tunapoyavuta na kuoshea gari, tone likikauka juani chokaa hubaki juu ya kioo kama kipete cheupe. Msomaji aliyeziona nyumba kongwe za Mikindani au Kilwa Kivinje anakifahamu kitu hiki vizuri, kwa sababu kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Doa la kwenye kioo limetokana na jiwe lile lile, kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana maji hayaliyeyushi, kama vile mvua haiyeyushi ukuta, lakini tone la ndimu hulitafuna. Ukitaka kujua kama maji ya nyumbani kwako yana chokaa nyingi, tazama ndani ya birika la chai: likiwa na ukoko mweupe mgumu, au sabuni ikikataa kutoa povu mpaka uongeze tena na tena, basi maji hayo ndiyo yanayochora vioo vyako.

Aina ya tatu si uchafu tena, bali ni jeraha la kioo chenyewe. Maji yakikaa juu ya kioo muda mrefu, yakikauka na kurudi, huchomoa kidogo kidogo sodiamu iliyomo ndani ya kioo, yakapata hali ya magadi, na magadi hayo huanza kukila kioo. Joto la jua huharakisha kazi hiyo. Mwishowe pale palipokuwa na doa hubaki kishimo kidogo mno au kivuli cheupe ambacho hakifutiki kwa siki wala kwa ndimu, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuyeyusha.

Kuna pia utando mmoja wa njano ambao hudhaniwa kuwa ni madoa ya maji ilhali si madoa ya maji. Ni salfa, unga unaopulizwa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, na katika miezi ya kiangazi gari lolote linalopita kando ya mashamba ya korosho huweza kurudi nalo. Salfa haiyeyuki kwenye maji wala kwenye siki. Imwagie maji mengi, kisha ioshe kwa sabuni ya maji na sponji laini. Usiipanguse ikiwa kavu, kwa kuwa huchanganyika na vumbi la barabarani na kukwaruza.

Kipimo cha kuzitambua aina tatu hizo huchukua dakika chache. Chagua eneo dogo pembeni mwa kioo, lioshe kwa maji matamu na sabuni, likaushe vizuri, kisha litazame ukiwa umesimama upande. Madoa yakiwa yameondoka, ilikuwa chumvi. Yakiwa bado yapo, dondosha matone mawili matatu ya siki juu ya doa moja, subiri dakika tano, ulifute. Doa likilainika au likitoa viputo vidogo vya hewa, ni chokaa, na viputo hivyo ni hewa ukaa inayotoka pale asidi inapoivunja chokaa. Likibaki vile vile hata baada ya kurudia mara mbili, pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukipita bila kugusa mwinuko wowote, au ukinasa kwenye kishimo, kioo kimekwisha kulika.

Kioo cha kweli na kioo cha plastiki

Magari yana vioo vya kweli. Boti nyingi ndogo, hasa za faiba, hazina. Madirisha yake na kinga ya upepo iliyo mbele ya usukani mara nyingi ni plastiki ngumu, ama akriliki ama polikaboneti, na kinachofaa kwa kioo kinaweza kuiharibu plastiki kwa siku moja. Gonga kwa ukucha: kioo hutoa mlio wa juu, mkali, na plastiki hutoa mlio mzito. Kiguse asubuhi: kioo ni baridi, plastiki huwa na uvuguvugu. Kioo cha gari huwa na muhuri mdogo wa kiwanda kwenye kona, na madirisha mengi ya plastiki hayana. Kama bado una shaka, lihesabu dirisha hilo kuwa ni plastiki, kwa sababu njia ya upole haitadhuru kioo, lakini njia ya kioo itaidhuru plastiki.

Vitu vya kuandaa

Vitu vyote muhimu vinapatikana sokoni na madukani. Tafuta nusu lita ya siki nyeupe, ambayo kwa kawaida huwa na asidi ya kiasi cha asilimia 5. Usipopata siki, kamua malimau au ndimu za kutosha kujaza kikombe, kisha chuja maji yake kwa kitambaa ili nyama za tunda zisibaki kwenye kioo. Wanaouza vifaa vya kuokea huwa pia na unga wa asidi ya sitriki, na kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji hutosha. Mimi huupenda kuliko siki kwa sababu hauna harufu kali na hauishi upesi. Siki ya mnazi nayo hufanya kazi, ila ichujwe na kioo kisuuzwe zaidi baadaye, kwa kuwa huacha rangi na utamu unaovuta vumbi.

Andaa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, sponji laini, na vitambaa safi vitano au sita. Kitambaa cha maikrofaiba ni bora, lakini fulana kuukuu ya pamba au kipande cha khanga iliyochakaa hufaa sana, mradi kisiwe na vifungo, zipu wala pindo gumu. Tafuta pia kipande cha nailoni nyembamba, glavu za mpira, na maji ya mvua lita mbili au tatu. Maji haya ya mvua ni nusu ya kazi yote, na nitaeleza sababu baadaye.

Majivu na mchanga laini, ambavyo pamoja na ndimu vimeng'arisha masinia ya shaba kwa vizazi na vizazi, visikaribie kioo. Mchanga ni mgumu kuliko kioo na utakikwaruza bila shaka yoyote, na majivu, licha ya chembe zake, yana hali ya magadi ambayo huiua nguvu ya ndimu kabla haijafanya kazi. Petroli na thina hazigusi chokaa hata kidogo, kwa hiyo usizihangaikie.

Vitu vitatu vingine ni vya hatari kwa mwili, nami naomba msomaji asivifanyie mzaha. Asidi ya betri isitumike kwa hali yoyote ile, kwa kuwa huunguza ngozi na macho na kula chuma na rangi. Dawa za kusafishia vyoo zenye asidi kali nazo huharibu kromu na fremu za alumini, na mvuke wake huunguza kifua. Na dawa yoyote iliyoandikwa kuwa ina asidi ya haidrofloriki iachwe dukani ilipo: hukila kioo chenyewe, na ikipenya kwenye ngozi huweza kumdhuru mtu vibaya hata kama mwanzoni hakusikia maumivu. Kumbuka pia kwamba siki, ndimu au asidi nyingine yoyote ikikutana na dawa ya klorini ya kufulia hutoa gesi ya sumu. Kama ndoo ilikuwa na klorini, ioshe sana kabla ya kuitumia, au tumia nyingine.

Kazi yenyewe

Chagua asubuhi mapema au jioni baada ya jua kupoa, na chombo kikae kivulini. Weka kiganja juu ya kioo. Kikiwa na moto, ngoja. Kwenye kioo cha moto siki hukauka kabla ya kufanya kazi, na ikikauka huacha doa lake jipya. Kama boti iko ufuoni na hakuna mwembe wala banda la kuikinga, funga turubai juu ya sehemu ya usukani.

Kisha mwagia kioo maji mengi kuanzia juu kwenda chini bila kukigusa kwa mkono wala kitambaa. Lengo ni kuondoa mchanga na vumbi, na hatua hii isipunguzwe, maana chembe moja ya mchanga ikinaswa ndani ya kitambaa hugeuka kalamu inayochora kioo kila mkono unapozunguka. Inua waipa na umwagie maji chini yake pia, kwa kuwa mchanga mwingi hujificha pale. Kwenye boti, suuza pembeni mwa fremu ambako chumvi hujikusanya na kuganda.

Ondoa mafuta na masizi kwa maji ya sabuni na sponji, suuza, kisha kausha. Kwa boti iliyotoka safari ya siku moja kazi huweza kuishia hapo, kwa kuwa chumvi yote imekwisha kwenda. Yatakayobaki yakionekana kama vipete vyeupe ni chokaa, na sasa siki inahitajika.

Kabla ya kumimina siki, tandaza taulo lililoloweshwa maji matupu chini ya kioo, juu ya boneti ya gari au juu ya faiba ya boti, ili asidi itakayochuruzika isikae kwenye rangi, kwenye alumini wala kwenye skrubu. Asidi hula pia sakafu ya saruji na mawe ya matumbawe, basi chagua mahali pa kusimamisha gari. Changanya siki na maji ya mvua kwa vipimo sawa. Lowesha kitambaa kwa mchanganyiko huo, kikamue kidogo tu ili kisitiririshe, kibandike juu ya madoa, kisha kifunike kwa nailoni ili kisikauke. Kiache dakika kumi hadi kumi na tano. Nailoni hii watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo tofauti kati ya doa linalotoka na doa linalobaki: chokaa iliyokaa mwezi mzima haiyeyuki kwa sekunde ambazo siki iliyopulizwa hukaa kabla ya kukauka kwa upepo wa bahari.

Ondoa nailoni, na kwa kitambaa kile kile kilicho na unyevu sugua kwa mkono mwepesi, eneo lenye ukubwa wa sahani kwa wakati mmoja. Suuza kwa maji, kausha, tazama. Chokaa nyembamba itakuwa imeondoka. Iliyo nene itakuwa imepungua, na dawa yake ni kurudia kubandika, mara mbili au tatu, ukiongeza nguvu ya siki mpaka uitumie bila maji kama ni kioo cha kweli. Nimewahi kubandika mara nne kwenye dirisha la pembeni la gari lililokuwa limeegeshwa miezi mingi karibu na bomba linalovuja, na mara ya nne ndipo doa la mwisho lilipokubali. Kila mara kagua taulo lililo chini na uliloweshe tena.

Hapa nipinge desturi moja iliyoenea, ya kuchanganya siki na magadi ya kuokea kwa pamoja kisha kupaka lile povu kwenye kioo. Povu hilo linapendeza macho, lakini ni dalili kwamba vitu viwili vinauana. Asidi inamalizwa na magadi, magadi yanamalizwa na asidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi. Ukitaka kuvitumia vyote viwili, tumia siki kwanza, suuza kabisa, na kama kuna utando uliobaki ndipo upake uji mzito wa magadi ya kuokea kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa. Chembe zake ni laini kuliko kioo, kwa hiyo husugua bila kukwaruza.

Doa lisipokubali

Kwenye kioo cha kweli pekee, chokaa nene iliyoganda kama ganda la chaza inaweza kukwanguliwa kwa wembe mpya ulioshikwa na kishikio. Kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni wakati wote, wembe ulazwe karibu na kioo, na usukumwe kwenda mbele tu; ukiuvuta kurudi nyuma utaburuta chembe chini yake. Wembe ukipata kutu au pengo, utupe. Usitumie wembe upande wa ndani uliobandikwa tinti, wala upande wa ndani wa kioo cha nyuma chenye mistari myembamba ya kuondoa ukungu, kwa sababu mistari hiyo ni nyaya za umeme na ukiikata haitafanya kazi tena.

Kama kipimo cha ukucha kilionyesha kwamba kioo kimelika, tiba iliyobaki ni kukisawazisha kwa unga wa oksidi ya seriamu, ambao ndio mafundi wa vioo hutumia. Unga huchanganywa na maji hadi uwe kama uji mwepesi, hupakwa kwa pedi ya sufu iliyoshindiliwa, na husuguliwa polepole huku ukiendelea kuwa mbichi. Ukiacha ukauke, kioo hupata joto, na kioo cha mbele cha gari, ambacho ni bamba mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki katikati, kinaweza kupasuka kwa joto la mahali pamoja. Ushauri wangu ni kwamba kazi hii mtu aijaribu kwanza kwenye kioo cha pembeni, na mahali dereva anapotazamia amwachie fundi mzoefu. Ukichimba mahali pamoja kupita kiasi, utabaki na bonde lisiloonekana kwa macho ya haraka lakini linalopinda kila kitu kinachotazamwa kupitia hapo, na kwa dereva wa usiku hilo ni baya kuliko doa. Kioo kilicholika vibaya mbele ya macho ya dereva kibadilishwe.

Madirisha ya plastiki ya boti

Yote niliyosema kuhusu kusuuza mchanga yazingatiwe hapa mara dufu, kwa sababu plastiki ni laini mno kuliko kioo na hata dodoki kavu hulikwaruza dirisha. Tumia mkono ulio na kitambaa laini sana, maji mengi, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa chokaa, changanya sehemu moja ya siki na sehemu mbili za maji, bandika kitambaa dakika tano tu, suuza, na urudie kama inahitajika. Wembe, magadi, unga wa seriamu na kisugulio cha aina yoyote viwekwe mbali.

Adui mkubwa wa madirisha haya ni dawa za kusafishia vioo zenye amonia, pamoja na petroli, thina, asetoni na spiriti. Manahodha wengi huchukua kitambaa chenye petroli kwa kuwa kiko karibu na injini. Siku hiyo dirisha linaweza kuonekana safi, lakini baada ya muda akriliki hujaa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui ndani yake, na hakuna polishi inayoweza kuzifikia. Mikwaruzo ya juu juu, kwa upande mwingine, hupunguzwa kwa polishi maalumu ya plastiki inayouzwa kwa ajili ya taa za magari, ikipakwa kwa kitambaa laini na kwa uvumilivu.

Maji ya mwisho

Doa hutokana na maji yanayokauka juu ya kioo, hivyo maji ya mwisho kugusa kioo ndiyo yatakayoamua kama kazi yako itadumu. Mtu anaweza kutumia asubuhi nzima kuondoa chokaa kwa siki, kisha akasuuza kwa maji ya kisima na kuliacha gari juani, na kufikia adhuhuri vipete vyote vikawa vimerudi. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua, ambayo hayajapita kwenye mawe na kwa hiyo hayana chokaa. Msimu wa mvua huku kwetu huanza takriban Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na madumu mawili ya lita ishirini yaliyokingwa kwenye mabati, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, hutosha kusuuzia vioo vya gari moja kwa miezi mingi. Yakiisha, tumia maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo hutokana na unyevu wa hewa na hayana chokaa, ila yachujwe kwanza. Yanafaa pia maji safi ya kuongezea betri, lakini soma chupa kwa makini, kwa sababu madukani hukaa kando ya chupa za asidi ya betri na watu huyaita yote kwa jina moja.

Baada ya kusuuza, kausha mara moja kwa kitambaa kikavu, juu kwenda chini, bila kungoja upepo ukukaushie. Fungua vioo vya milango sentimita chache ufute ukingo wa juu, kwa kuwa tone linalojificha pale huteremka baadaye.

Kioo kikiwa kimekauka kabisa, paka nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia, au dawa ya kuteleza maji iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo, na kwa plastiki hakikisha imeandikwa kwamba inafaa kwa plastiki. Maji yatakusanyika kuwa matone ya duara na kuteleza, badala ya kutanda na kukauka. Kwenye gari tabaka hilo hudumu wiki kadhaa. Kwenye boti inayotoka kila siku wakati wa kusi, lirudie mara kwa mara, na kipimo ni kuyatazama maji tu: yakianza kutanda, nta imekwisha.

Kwa boti, jiwekee desturi ya kubeba chupa mbili za lita moja na nusu za maji matamu kwa ajili ya madirisha peke yake. Mara nanga ikishatiwa, kabla ya kushusha samaki, mimina, pitisha kitambaa laini, kausha. Kazi hii ni ya dakika tatu, na chumvi isiyopewa usiku wa kuganda haihitaji siki. Kwa gari, futa mpira wa waipa kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki, na ukiona umepasuka au umekuwa mgumu, ubadilishe, kwa sababu mpira mgumu hukokota mchanga. Kisha fungua kile kitangi kidogo cha maji ya kuoshea kioo kilicho chini ya boneti, umwage maji ya kisima yaliyomo, na ujaze ya mvua pamoja na matone machache ya sabuni ya maji.